Diski ya kiungo cha taya imehama na kinywa hakifunguki: nifanyiwe upasuaji upi?

Mwalimu wa Korogwe

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye umri wa miaka 34, na ninaomba ushauri kuhusu kiungo cha taya langu la kulia, ambacho kimeninyima raha kwa miezi mitano sasa. Kwa takriban miaka sita kiungo hicho kilikuwa kikilia "ko" kila nilipopiga miayo au kuuma embe, na kwa kuwa hakikuniuma, sikukitilia maanani. Asubuhi moja ya mwezi wa Februari niliamka nikakuta mlio umetoweka, lakini kinywa nacho kimegoma kufunguka: kijiko cha uji kilipita kwa shida, na nilipojitazama kwenye kioo niliona kidevu kikipinda kuelekea kulia kila nilipojaribu kufungua zaidi.

Nilipokwenda kutibiwa mara ya kwanza niliambiwa kwamba tatizo ni sikio, nikatumia matone ya sikio kwa wiki mbili bila nafuu yoyote. Baadaye daktari wa meno alitambua kuwa ni kiungo cha taya, akanipa ibuprofeni, akanikataza vyakula vigumu, na akanitengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa menoni usiku, ambacho nimekivaa kwa miezi minne. Maumivu yamepungua kiasi, hasa yale ya asubuhi, lakini ufunguzi wa kinywa, ambao daktari huupima kwa rula kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, umekwama kwenye milimita 26. Picha ya MRI niliyoifuata Dar es Salaam inaeleza kwamba diski ya kulia imehamia mbele na hairudi mahali pake ninapofungua kinywa. Ajabu ni kwamba hata diski ya kushoto imehama, ingawa hiyo hurudi, na upande huo haujawahi kuniuma hata siku moja.

Sasa nimepata mashauri mawili yanayopingana. Daktari mmoja anataka anichane mbele ya sikio, aivute diski nyuma na kuishona mahali pake. Mwingine anasema nianze kwa kuoshwa kiungo kwa sindano mbili, kazi ya chini ya saa moja, kisha nirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ninafundisha darasa la pili lenye watoto zaidi ya 90, kwa hiyo kinywa ndicho jembe langu. Naogopa kovu, na naogopa zaidi uso kupooza. Lakini pia naogopa kuchagua njia nyepesi kisha nije kuambiwa kwamba mfupa umeshalika kwa sababu diski haikurudishwa mapema. Je, kuosha kunawezaje kunisaidia ikiwa diski yenyewe inaachwa pale pale ilipo?

Bingwa wa Taya

Pole sana, mwalimu. Mimi ni daktari wa upasuaji wa kinywa, uso na taya. Ninayoandika hapa hayawezi kuchukua nafasi ya daktari aliyekushika na kukupima, lakini yatakusaidia kumwuliza maswali yaliyonyooka. Nitaanza na lile swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Kichwa cha mfupa wa taya la chini hukaa katika kishimo kilicho mbele ya tundu la sikio, na kati ya mifupa hiyo miwili kuna diski, ambayo ni kipande cha gegedu lenye nyuzi, chembamba katikati na kinene kwenye kingo. Diski hiyo hukigawa kiungo kuwa vyumba viwili, cha juu na cha chini. Unapoanza kufungua kinywa, kichwa cha mfupa huzunguka katika chumba cha chini; unapoendelea kufungua, mfupa na diski huteleza pamoja kwenda mbele katika chumba cha juu. Nyuma ya diski kuna tishu laini yenye mishipa mingi ya damu na ya fahamu, na hiyo ndiyo inayouma inapobanwa, kwa maana sehemu ya katikati ya diski haina mishipa ya fahamu.

Diski inapotangulia mbele, kichwa cha mfupa hulazimika kuipanda kila unapofungua kinywa, na ule mlio uliousikia kwa miaka sita ulikuwa sauti ya mfupa ukiipanda. Siku mlio ulipotoweka, mfupa ulikuwa umeshindwa kupanda, na diski ikabaki mbele yake kama kabari mbele ya gurudumu la lori. Ukimya ule haukuwa dalili ya kupona. Kidevu kinapinda kulia kwa sababu upande wa kushoto unateleza na wa kulia umekwama.

Ukiieleza hali hiyo kwa namna hii, kila mtu atasema basi kabari irudishwe mahali pake. Ndivyo walivyofikiri wapasuaji kwa muda mrefu: Thomas Annandale aliishona diski iliyohama huko Edinburgh mwaka 1887, na McCarty na Farrar wa Marekani wakaieneza tena njia ya kuirudisha diski mwaka 1979. Picha za MRI zilipoanza kupatikana, hata hivyo, watu wasiokuwa na maumivu wala mlio wowote nao walipigwa picha, na takriban theluthi moja yao wakakutwa na diski iliyohama. Kiungo chako cha kushoto ni mmoja wa mashahidi hao. Mwili unao uwezo wa kuikubali hali hiyo: tishu ya nyuma ya diski, baada ya kukandamizwa kwa muda, hukakamaa na kuanza kufanya kazi kama diski yenyewe. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi kuwa sababu ya kupasua. Tunatibu maumivu na kinywa kisichofunguka.

Sasa, kuosha kunafanya nini? Mnamo mwaka 1991 Nitzan, Dolwick na Martinez walieleza njia ambayo leo tunaiita athrosentesi. Ngozi hutiwa ganzi, sindano moja huingizwa katika chumba cha juu cha kiungo, ya pili huingizwa karibu yake, kisha maji safi ya dripu, kwa kawaida kati ya mililita 100 na 300, huingia kwa sindano moja na kutokea kwa nyingine. Maji hayo yakiingia kwa msukumo huachanisha diski na mfupa wa juu ambao imeng'ang'ania, kama unavyoona vioo viwili vilivyolowa vikinasana hadi upenyeze hewa katikati. Pia huondoa kemikali za uvimbe zilizojazana katika ute wa kiungo, ambazo ndizo huchochea maumivu. Daktari huku akikisukuma kidevu taratibu, mgonjwa hufungua kinywa, na mara nyingi milimita kadhaa hupatikana pale pale juu ya kiti. Diski kweli hubaki mbele. Lakini diski iliyo mbele na inayoteleza haina ubaya wa diski iliyo mbele na imenata.

Hatua inayofuata kwa uzito ni athroskopi, ambayo Ohnishi wa Japani aliielezea kwa mara ya kwanza katika kiungo hiki mwaka 1975. Hapa kamera yenye unene wa takriban milimita 2 huingizwa kwenye kiungo, kwa kawaida mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na mpasuaji huona kwa macho yake nyuzi zilizonata, huzikata, na hukiosha kiungo. Wale waliobobea wanaweza hata kuivuta diski nyuma na kuishona kupitia vitundu hivyo hivyo. Inahitaji vifaa na mazoezi ya miaka, na katika hospitali nyingi za ukanda wetu haipatikani.

Upasuaji wa wazi ndio wa mwisho, na una matawi mawili makuu. Tawi la kwanza ni lile uliloshauriwa, yaani kuirudisha diski na kuishona, au kuifunga kwa nanga ndogo ya titani iliyokazwa kwenye kichwa cha mfupa. Hili lina maana pale tu ambapo diski bado ina umbo lake na haijatoboka, na hata hivyo diski iliyoshonwa inaweza kuhama tena. Tawi la pili ni disektomi, yaani kuiondoa diski kabisa ikiwa imekunjamana au imetoboka. Watu hushangaa kusikia kwamba kiungo kinaweza kufanya kazi bila diski, lakini wagonjwa waliofuatiliwa kwa miongo kadhaa baada ya kuondolewa diski, wengi wao, waliendelea kula vizuri bila maumivu makubwa, ingawa picha zao zilionyesha mfupa uliobadilika umbo na viungo vyao vililia kama mchanga unaosagwa.

Kuhusu hofu yako ya uso kupooza, ni hofu yenye msingi. Tawi la mshipa wa fahamu wa uso linaloinua nyusi huvuka mfupa wa shavu mbele ya sikio, na Al-Kayat na Bramley walipolipima mwaka 1979 walilikuta mahali popote kati ya milimita 8 na 35 mbele ya tundu la sikio. Nafasi ya mpasuaji ni ndogo. Udhaifu wa nyusi ukitokea, mara nyingi unatokana na kuvutwa kwa tishu na huisha ndani ya miezi michache. Wa kudumu ni nadra, lakini upo, na daktari anayekuambia kwamba haupo hajakutendea haki.

Kuna utafiti mmoja ninaoutaja kwa kila mgonjwa mwenye hali kama yako. Mwaka 2007 Schiffman na wenzake wa Minnesota walitoa matokeo ya watu 106 ambao kinywa chao kilikuwa kimefungwa na diski iliyohama, wakagawiwa kwa kura katika makundi manne: ushauri na dawa peke yake, mazoezi pamoja na kifaa cha menoni, athroskopi, na upasuaji wa wazi. Walifuatiliwa kwa miaka mitano. Makundi yote yalipata nafuu, na hakuna lililolishinda jingine. Mimi siusomi utafiti huo kama marufuku ya kupasua. Nausoma kama agizo la kuanza na kilicho chepesi. Wewe umeshatumia kifaa kwa miezi minne na umekwama kwenye milimita 26, wakati mtu mzima kwa kawaida hufikia 40 au zaidi. Kwa maoni yangu umefika kwenye sindano, na hujafika kwenye kisu.

Kuhusu mfupa kulika: hutokea kwa baadhi ya watu, na huwezi kuupuuza. Kwa mtu mzima kama wewe, hata hivyo, sijaona ushahidi wa kuniridhisha kwamba kuishona diski mapema ndiko kunakouzuia. Kinachofaa ni kupigwa picha ya mifupa baada ya muda, na kuwahi hospitali ukiona meno ya mbele hayakutani tena kama zamani, kwa sababu hiyo inaweza kuwa ishara kwamba kichwa cha mfupa kinapungua urefu.

Mshonaji wa Mvita

Dada mwalimu, salamu za mbali kutoka Mombasa, na pole kwa maradhi. Nimesoma maneno ya daktari mara mbili, na ningependa kukueleza upande wa aliyepita chini ya kisu, kwa kuwa mimi niliondolewa diski ya kushoto mwaka 2016 nikiwa na miaka 41.

Kazi yangu ni cherehani. Kwa miaka ishirini nilikuwa nikikata uzi kwa meno na kubana pini mdomoni, na nadhani hilo lilichangia, ingawa hakuna daktari aliyeniapia. Kabla tatizo halijajulikana ni kiungo, zahanati moja iling'oa magego yangu mawili mazima kwa madai kwamba ndiyo yaliyouma. Magego yale hayarudi, na hadi leo huniuma moyoni zaidi ya kovu la upasuaji. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba usikubali jino lako hata moja ling'olewe kwa ajili ya maumivu haya bila picha.

Nilioshwa kiungo mara mbili. Mara ya kwanza nilipata nafuu ya miezi saba, nikala hata mahamri magumu. Mara ya pili nafuu haikufika mwezi. MRI ya mwisho ilionyesha diski imetoboka na mfupa umeanza kuwa na miiba. Hapo nikaambiwa kwamba kuirudisha diski hakuna maana kwa sababu hakuna diski ya kurudishwa, nikasafiri kwenda India, nikaondolewa.

Sasa nikuambie yale ambayo sikuambiwa. Niliamka usingizini nikiwa siwezi kuinua nyusi ya kushoto, na ilinichukua miezi minne kabla haijarudi. Ngozi ya mbele ya sikio na ya upande wa kichwa ilikufa ganzi, na sehemu ndogo ya ganzi hiyo ninayo hadi leo. Siioni shida tena ila ninapovaa miwani. Kwa wiki kadhaa meno yangu ya nyuma upande uliopasuliwa hayakugusana, nikafikiri nimeharibiwa, kisha yakakutana taratibu. Kovu limejificha kwenye mkunjo wa mbele ya sikio, na chini ya mtandio hakuna alionaye. Kinywa kilifunguka milimita 37 baada ya mwaka mmoja, na hapo ndipo kipo hadi sasa. Kiungo kinalia kama unavyosikia jiwe la kusagia, lakini hakiumi.

Sijuti. Lakini ningejuta kama ningeanzia huko, kwa maana ile miezi saba ya kwanza ilinipa matumaini kwamba huenda kuosha kungetosha, na kwa wengine niliokutana nao wodini kulitosha kweli.

Jambo jingine: gharama ya safari ilikuwa kubwa kuliko ya upasuaji. Uliza kwanza kilicho karibu nawe.

Fizio wa Moshi

Nashukuru kwa maelezo ya daktari na ya dada wa Mvita. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na nina jambo moja ambalo sijaona likitajwa kwa uzito unaostahili: iwe sindano, iwe kamera, iwe kisu, milimita zinazopatikana mezani hupotea tena ndani ya wiki chache ikiwa mgonjwa hafanyi mazoezi. Nimepokea watu waliooshwa vizuri kabisa, wakarudi nyumbani, wakafunga kinywa kwa hofu ya maumivu, na baada ya mwezi mmoja wakawa pale pale walipoanzia.

Mwalimu, ukioshwa, mazoezi yaanze kesho yake, isipokuwa daktari wako akiagiza vinginevyo. Kanda kiungo kwa kitambaa chenye joto kwa dakika kumi. Kisha simama mbele ya kioo, weka ncha ya ulimi kwenye kaakaa nyuma ya meno ya juu, na ufungue kinywa taratibu kidevu kikiwa katikati. Zoezi hilo hufundisha misuli isikivute kidevu kulia. Baada ya hapo fungua kadiri uwezavyo, weka kidole gumba kwenye meno ya juu na kidole cha shahada kwenye meno ya chini, na usukume kwa upole hadi usikie mvuto, si maumivu makali, ushikilie kwa nusu dakika. Rudia mara tano au sita kwa siku, vipindi vifupi. Wengine hutumia vile vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi, wakivipanga kati ya meno na kuongeza kimoja kila baada ya siku chache. Ni kipimo kizuri kwa kuwa unaviona vikiongezeka kwa macho.

Andika milimita zako kwenye daftari kila siku, saa ile ile, kwa rula ile ile. Wewe ni mwalimu, sidhani kama nahitaji kukufundisha kuweka kumbukumbu. Na wakati wote huu kula mtori, wali laini, maharage yaliyoiva sana na samaki, huku ukiacha mua, mahindi ya kuchoma, nyama ngumu na bigijii. Kama unasaga meno usingizini, kifaa cha plastiki uendelee kukivaa hata baada ya kuoshwa. Wanaotafuna mirungi nao nawaeleza wazi kwamba hakuna upasuaji utakaodumu katika kiungo kinachotafuna kwa saa tano mfululizo.

Mwalimu wa Korogwe

Nawashukuru sana. Dada wa Mvita, umenitoa hofu na umenitia hofu kwa wakati mmoja, lakini ni hofu ninayoweza kuishika kwa sababu sasa ina sura. Nina maswali mawili yaliyobaki kwa daktari. Kwanza, kama diski inaweza kuondolewa, mbona isiwekwe ya bandia, kama wanavyobadilisha goti au nyonga? Pili, baadhi ya watu wamenieleza kuhusu sindano ya kulainisha kiungo inayowekwa mwishoni mwa kuosha, na bei yake ni kubwa kuliko kuosha kwenyewe. Je, niikubali?

Bingwa wa Taya

Swali lako la kwanza lina historia ya kuumiza, na nadhani kila mgonjwa anapaswa kuijua. Mwaka 1983 kampuni moja ya Houston, Marekani, iliruhusiwa kuuza kipandikizi cha kuwekwa mahali pa diski, kilichotengenezwa kwa Proplast na Teflon. Kilionekana kizuri mno: laini, hakiozi, rahisi kukata kwa umbo la mgonjwa. Wapasuaji wengi walikipokea kwa nia njema. Lakini kiungo cha taya hubeba mzigo kila unapotafuna, na chini ya mzigo huo kipandikizi kilisagika na kutoa chembechembe ndogo. Mwili ulizishambulia chembe hizo kama adui, na katika vita hivyo seli za mwili zilikula mfupa wa taya, na kwa baadhi ya wagonjwa zikala hata mfupa wa kishimo kinachokitenganisha kiungo na ubongo. Mwaka 1990 na 1991 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari na vipandikizi hivyo vikaondolewa sokoni, lakini maelfu ya watu walikuwa tayari wanavyo mwilini. Baadhi yao walipasuliwa mara nyingi kwa miaka iliyofuata na hawakupata raha tena.

Tangu wakati huo hakuna diski ya bandia iliyokubalika kwa matumizi ya kawaida. Tunapohitaji kujaza nafasi baada ya disektomi, hutumia tishu ya mgonjwa mwenyewe, kama vile kipande cha msuli wa kando ya kichwa au mafuta ya tumboni, na mara nyingi nafasi huachwa wazi kama ilivyokuwa kwa dada wa Mvita bila shaka. Kiungo kizima cha bandia kipo, chenye kichwa cha chuma cha kobalti na kromu na kishimo cha plastiki ngumu sana, na vingine hutengenezwa kwa kipimo cha mgonjwa kutokana na picha ya CT. Hicho ni kwa ajili ya viungo vilivyokwisha kabisa: mifupa iliyoungana, viungo vilivyoliwa na ugonjwa wa baridi yabisi, au waliopasuliwa mara nyingi bila mafanikio. Kwa hali yako hata kukitaja ni mapema.

Kwa swali la pili, nadhani unazungumzia asidi ya hialuroniki, ambayo ni sehemu ya ute wa asili wa viungo. Haina madhara makubwa, na wapo wagonjwa wanaoisifu. Tafiti zilizoilinganisha na kuosha peke yake hazikubaliani. Nyingine zinaona faida ndogo, nyingine hazioni. Kama fedha ni ya kubana, mimi ningeitumia kulipia vipindi vya fiziotherapia badala ya sindano hiyo.

Mkononi mwa nani uoshwe? Kuosha si kazi ya kila daktari wa meno. Muulize daktari ameshaosha viungo vingapi, atafanya nini ikiwa milimita hazitaongezeka, na ni nani atakayesimamia mazoezi yako. Idara za upasuaji wa kinywa, uso na taya zipo Muhimbili, na kwa walio nje ya Tanzania zipo pia Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala. Na ikiwa daktari aliyekushauri upasuaji wa wazi ana sababu ambayo sisi hatuioni kwa kuwa hatujaishika picha yako, mpe nafasi aieleze: mwulize umbo la diski likoje, na kwa nini anadhani kuosha hakutatosha. Jibu lake litakuonyesha kama ameifikiria hali yako au amezoea njia moja.

Mwalimu wa Korogwe

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tisa kutoa taarifa kwa sababu najua wapo wanaosoma wakiwa na tatizo kama langu.

Daktari wa kwanza nilimwuliza kama nilivyoelekezwa. Alikubali kwamba diski yangu bado ina umbo zuri na kwamba hiyo ndiyo sababu alitaka kuishona mapema, lakini alipoona nimeamua kuanza na sindano hakukasirika, akanitaka nirudi kama zitashindwa. Nilioshwa kwa ganzi tu. Ganzi yenyewe iliuma kuliko kuosha. Kuosha nilikusikia kama maji yanayovuma ndani ya sikio, na upande wa jicho ulilegea kwa saa mbili kwa sababu ya ganzi, jambo ambalo lingenitia wazimu kama nisingeonywa. Nilitoka na milimita 34. Siku ya tatu, kwa uvimbe, zilishuka hadi 29, nikalia. Kwa kufuata daftari la kaka wa Moshi zilipanda tena, na leo asubuhi nimepima 38. Maumivu yapo kidogo jioni baada ya vipindi vingi vya darasani.

Lakini kuna jambo jipya. Tangu kinywa kianze kufunguka, upande wa kushoto, ambao haujawahi kuuma, umeanza kulia "ko". Je, nianze kuhangaikia na huo?

Bingwa wa Taya

Hongera kwa kazi uliyoifanya, mwalimu. Kiungo cha kushoto sasa kinasafiri mbali zaidi kwa sababu cha kulia hakikizuii tena, na katika safari hiyo mfupa unaipanda ile diski ambayo MRI ilikwisha kuionyesha. Mlio usioambatana na maumivu wala kukwama hautibiwi, na usiuchezee kwa kukifanya kiungo kilie makusudi mbele ya watu. Endelea na mazoezi ya kufungua kinywa kidevu kikiwa katikati. Ukikwama hata mara moja upande huo, au ukihitaji kuchezesha taya ndipo kinywa kifunguke, usisubiri miezi mitano kama ulivyosubiri mwanzo. Nenda hospitali ndani ya wiki hiyo hiyo, maana kiungo kilichokwama siku chache hufunguka kwa urahisi zaidi kuliko kilichokwama kwa miezi.